Flashi Haisomi Kwenye Linux? Usifomati Kwanza, Soma Kompyuta Inasema Nini

Flashi imechomekwa, taa yake imewaka, lakini kwenye skrini hakuna kilichotokea. Inachomolewa, inachomekwa tena, inapulizwa kwa mdomo, inageuzwa huku na huku. Bado kimya.

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Mmoja anaihamishia flashi kwenye kompyuta nyingine, akiulizwa kama ifomatiwe anabonyeza ndiyo, na kazi ya muhula mzima inakwenda na maji. Mwingine anaibeba kompyuta yake kwa fundi, anaambiwa porti imekufa, analipa ibadilishwe. Kumbe kilichokuwa kibovu ni waya.

Uzuri wa Linux ni kwamba haifichi kitu. Kifaa chochote cha USB kikichomekwa, kerneli, yaani moyo wa mfumo wenyewe, inaandika kila hatua: imekiona, imekiuliza jina, imekipa draiva, au imeshindwa na imeshindwa wapi. Anayejua kusoma mistari hiyo michache anaweza kujua ndani ya dakika moja kama shida ni waya, porti, draiva au flashi yenyewe.

Weka simu pembeni ya kompyuta, fungua terminali, twende hatua kwa hatua.

“Haisomi” ni matatizo manne

Kifaa cha USB ni kama mgeni. Kwanza lazima afike mlangoni: hapo ni umeme, waya na porti. Pili, apige hodi na kujitambulisha: kifaa kinataja namba ya kampuni iliyokitengeneza na namba ya aina yake. Tatu, apatikane mwenyeji anayejua lugha yake: hiyo ndiyo draiva. Nne, aonyeshwe pa kukaa: mafaili yafunguliwe na mtumiaji awe na ruhusa ya kuyagusa.

Mgeni akikwama hatua yoyote kati ya hizo, mtu aliye mbele ya skrini anaona kitu kilekile: kimya. Lakini dawa zake ni tofauti kabisa. Kusakinisha draiva hakuwezi kutibu waya mbovu, na kubadili porti hakuwezi kutibu flashi ambayo mfumo wake wa mafaili umeharibika.

Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe “nifanye nini?” Liwe “imekwama wapi?”

Amri mbili zinazotoa majibu

Chomoa kifaa kwanza. Fungua terminali, andika:

sudo dmesg -w

Weka nywila yako. Yatatokea maandishi mengi, usiyaogope. Bonyeza Enter mara tatu nne ili upate nafasi nyeupe, kisha chomeka kifaa na uangalie mistari mipya inayoongezeka chini. Flashi nzima huleta mistari inayofanana na hii:

usb 1-2: new high-speed USB device number 5 using xhci_hcd
usb 1-2: New USB device found, idVendor=0781, idProduct=5567
usb-storage 1-2:1.0: USB Mass Storage device detected
sd 2:0:0:0: [sdb] Attached SCSI removable disk

Mstari wa kwanza unasema mgeni amefika. Wa pili unasema amejitambulisha. 0781 ni namba ya SanDisk. Wa tatu unasema draiva ya kuhifadhia data imempokea. Wa nne unampa jina la ndani, hapa ni sdb.

Ukimaliza kuangalia, bonyeza Ctrl na C kwa pamoja kutoka. Amri ya pili ni hii:

lsusb

Hii inaorodhesha vifaa vyote vya USB ambavyo kompyuta inavijua kwa sasa. Iendeshe kabla ya kuchomeka, kisha iendeshe tena baada ya kuchomeka. Kama umeongezeka mstari mmoja, kifaa kimejitambulisha. Kama orodha haijabadilika, tatizo liko chini zaidi, kwenye umeme au waya.

Sasa linganisha ulichokiona na hali zifuatazo.

Hali ya kwanza: kimya kabisa

Umechomeka, na dmesg haijaongeza hata mstari mmoja. Maana yake kompyuta haijajua kama kuna kitu kimechomekwa. Hapa hakuna amri ya kuandika. Ni kazi ya mikono.

Anza na waya. Waya wa USB wa kawaida una nyaya nne ndani: mbili za umeme na mbili za data. Waya nyingi za bei rahisi zinazouzwa kwa ajili ya kuchajia zina zile mbili za umeme tu. Simu itachaji vizuri, taa ya kifaa itawaka, lakini data haina njia ya kupita. Hii ndiyo sababu taa kuwaka siyo ushahidi kwamba kifaa kinafanya kazi. Jaribu waya mwingine ambao umewahi kuhamisha picha au nyimbo.

Kama kifaa ni simu ya Android, angalia skrini ya simu yenyewe. Ikichomekwa, kwa kawaida inaanza kwa kuchaji tu. Ifungue, shusha sehemu ya arifa, gusa ile arifa ya USB, chagua kuhamisha mafaili. Watu wamehangaika na draiva siku nzima wakati jibu liko mkononi mwao.

Halafu badili porti. Kwenye kompyuta ya mezani, porti za mbele zinaunganishwa na ubao mkuu kwa waya wa ndani ambao unaweza kulegea. Za nyuma ziko kwenye ubao wenyewe. Kama kifaa kinapita kwenye habu, iondoe habu, chomeka moja kwa moja.

Angalia na uchafu. Mulika ndani ya tundu kwa tochi ya simu. Vumbi, nyuzi za begi na kutu ya kijani kwenye pini ni vitu vya kawaida, hasa kwa wanaoishi karibu na bahari. Zima kompyuta kabisa kabla ya kusafisha, tumia brashi laini kavu, na usiingize sindano wala pini ya chuma.

Mwisho, chomeka mausi kwenye tundu lilelile. Mausi ikifanya kazi, porti ina uhai na mshukiwa ni kifaa au waya. Lakini kuna ujanja hapa: porti ya USB 3, ambayo mara nyingi ina rangi ya bluu ndani, ina pini tisa badala ya nne. Mausi inatumia zile nne za zamani tu. Kwa hiyo porti inaweza kuendesha mausi vizuri na bado ikaisumbua diski ya nje ya USB 3, kwa sababu pini zile tano za ziada ndizo zenye tatizo. Amri hii inaonyesha:

lsusb -t

Angalia mwisho wa mstari wa kifaa chako. Diski ya USB 3 ikiwa vizuri inaonyesha 5000M au zaidi. Ikionyesha 480M, inatembea kwa mwendo wa USB 2. Waya, porti au habu haipitishi zile nyingine.

Hali ya pili: makosa yenye namba

Mara nyingine kompyuta imeuona mgeni, lakini maneno hayaelewani. Mistari inakuwa ya namna hii:

usb 1-2: device descriptor read/64, error -71
usb 1-2: device not accepting address 6, error -71
usb usb1-port2: unable to enumerate USB device

Namba hizi zina maana. Kosa -71 ni la mawasiliano: kompyuta imeuliza “wewe nani?” na jibu limerudi limevurugika. Kosa -110 ni la muda: imeuliza, ikasubiri, jibu halikuja. Ukiona neno over-current, porti imekata umeme kwa sababu kifaa kimevuta kupita kiasi, au kuna shoti mahali fulani.

Makosa haya yanawachanganya watu kwa sababu yanaonekana ya kiprogramu. Mara nyingi siyo. Chanzo chake ni umeme mdogo, waya mrefu au mbovu, habu dhaifu, au kifaa kinachokaribia kufa.

Hesabu ya umeme ni rahisi. Porti ya USB 2 inatakiwa kutoa hadi miliampia 500 kwa volti 5. Porti ya USB 3 inatoa hadi 900. Flashi haihitaji nyingi. Diski ya nje yenye sahani zinazozunguka huvuta umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzunguka. Ukiichomeka kwenye habu moja pamoja na modemu, kibodi na feni ndogo, wote wanagawana chungu kimoja. Diski inalia tik-tik-tik, inazima, inaanza tena.

Dawa: chomeka diski peke yake, tumia waya mfupi, au tumia habu yenye adapta yake ya umeme. Kama ni laptopu, chomeka chaja yake kwanza.

Kuna jambo jingine dogo linalosaidia mara kwa mara. Zima kompyuta kabisa, chomoa chaja na kila kifaa cha USB, toa betri kama inatoka, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 15. Hii inamaliza umeme uliobaki kwenye saketi na kuwapa wasimamizi wa porti mwanzo mpya. Washa, jaribu tena.

Kama kosa lilelile linatokea kwa waya mwingine, kwenye porti nyingine na kwenye kompyuta nyingine, basi kifaa ndicho kinachokufa. Kikikubali kusomwa hata mara moja, usikitumie kwa kazi nyingine yoyote. Toa data kwanza.

Hali ya tatu: kilikuwepo, kimepotea

Kifaa kinafanya kazi dakika kadhaa halafu kinakatika. Mausi inaganda ukiiacha kidogo. Spika ya USB inanyamaza.

Hapa mshukiwa mkubwa ni usingizi. Linux ina uwezo wa kukilaza kifaa cha USB kisichotumika ili kuokoa betri. Muda wa kawaida wa kusubiri ni sekunde 2. Kerneli yenyewe haiwalazi vifaa wengi bila kuambiwa, lakini programu za kuokoa betri kama TLP na powertop zinaweza kuwasha tabia hiyo kwa vifaa vyote. Vifaa vingine vikilala haviamki vizuri.

Jaribu hivi, bila kubadili kitu cha kudumu:

echo -1 | sudo tee /sys/module/usbcore/parameters/autosuspend

Kisha chomoa kifaa na ukichomeke tena, kwa sababu badiliko hili linahusu vifaa vinavyochomekwa baada yake. Tatizo likiisha, umempata mhalifu. Ukizima kompyuta, mpangilio huu unafutika, kwa hiyo hakuna cha kuogopa.

Kuufanya wa kudumu kwenye Ubuntu au Mint, fungua faili la /etc/default/grub, ndani ya mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ongeza usbcore.autosuspend=-1 kabla ya alama ya kufunga nukuu, hifadhi, kisha:

sudo update-grub

Zima na uwashe. Betri itapungua mapema kidogo. Anayetumia TLP ni vizuri zaidi akienda kwenye mipangilio ya TLP na kukitenga kifaa hicho kimoja tu.

Kama porti zote zimekufa kwa mpigo, tafuta mstari huu kwenye dmesg:

xHCI host controller not responding, assume dead

xHCI ni msimamizi wa porti zote za kisasa. Akizimia, kila kitu kinazimia. Kuzima na kuwasha kompyuta kunamwamsha. Kama hali inajirudia kila siku, angalia kama kuna toleo jipya la BIOS na la kerneli.

Hali ya nne: ametambulika, hana mwenyeji

lsusb inakionyesha kifaa, lakini lsusb -t inaonyesha Driver=[none], au baada ya neno Driver hakuna kitu. Hapo ni draiva.

Sababu moja huwashangaza wengi: mfumo umesasishwa, lakini kompyuta haijazimwa. Kwenye mifumo kama Arch, kerneli mpya ikiingia, folda ya draiva za kerneli ya zamani inaondolewa. Mausi iliyokuwa imechomekwa tangu asubuhi inaendelea, kwa sababu draiva yake iko tayari kwenye memori. Flashi ya kwanza kuchomekwa baada ya hapo inakataa, kwa sababu draiva yake haipo mahali kerneli ya zamani inapoitafuta. Linganisha:

uname -r
ls /lib/modules

Kama namba inayotoka kwenye amri ya kwanza haipo kwenye orodha ya pili, jibu ni moja tu: zima na uwashe.

Kama namba ipo, jaribu kuiita draiva ya flashi kwa mkono:

sudo modprobe usb-storage

Kompyuta ya ofisi ni habari nyingine. Taasisi nyingi hufunga flashi makusudi ili data isitoke na virusi visiingie. Kufuli hiyo huwekwa ndani ya folda ya /etc/modprobe.d au kwa programu kama USBGuard. Ukikuta hivyo, porti haina ugonjwa. Zungumza na mhusika wa kompyuta ofisini kabla ya kuanza kuvunja kufuli isiyo yako.

Modemu za intaneti nazo zina tabia yao. Nyingi zikichomekwa hujifanya ni CD, kwa sababu zimebeba ndani yake programu ya Windows ya kuzisakinisha. Kwenye Linux zinatakiwa zibadilishwe ziwe modemu. Kazi hiyo hufanywa na programu ya usb_modeswitch. Ukiona kwenye lsusb namba inayoanza na 12d1, ambayo ni ya Huawei, lakini hakuna intaneti, sakinisha:

sudo apt install usb-modeswitch

Chomoa, chomeka tena, subiri sekunde 20. Namba ya pili baada ya 12d1 ikibadilika, modemu imebadili sura na imekubali kazi.

Wanafunzi wa elektroniki wanaotumia bodi za Arduino za bei nafuu wanakutana na kisa kingine. Bodi nyingi za aina hiyo zina chipu ya CH340, namba 1a86:7523. Kwenye Ubuntu 22.04, programu ya brltty, inayowasaidia wasioona kutumia vifaa vya Braille, inadhani chipu hiyo ni kifaa chake na kuinyakua. Kwenye dmesg bodi inaonekana inaingia, kisha inatolewa papo hapo, na jina brltty linatajwa. Asiyetumia kifaa cha Braille anaweza kuiondoa:

sudo apt remove brltty

Kama bodi inaonekana lakini inasema huna ruhusa, jiunge kwenye kundi linaloruhusiwa kugusa vifaa hivyo, kisha toka na uingie upya kwenye akaunti yako:

sudo usermod -aG dialout $USER

Hali ya tano: kila kitu sawa, mafaili hayafunguki

Hapa ndipo data nyingi hupotea, kwa hiyo twende taratibu. dmesg haina kosa, lsusb inaonyesha, lakini dirisha la flashi halifunguki au linaleta ujumbe wa kukataa. Andika:

lsblk -f

Tafuta jina ulilopewa, kwa mfano sdb, na chini yake sdb1. Angalia safu ya FSTYPE, yaani aina ya mfumo wa mafaili.

Ikiwa ni exfat na Linux yako ni ya zamani, huenda haijui kuisoma. Kerneli ilianza kuja na draiva ya exFAT kwenye toleo la 5.4 la mwaka 2019, ikawekwa bora zaidi kwenye 5.7 ya mwaka 2020. Aliye na toleo la chini ya hapo anaweza kusakinisha exfat-fuse.

Ikiwa ni ntfs, sababu ya kawaida ni kuchomolewa vibaya kwenye Windows. Mfumo huo wa mafaili unabaki na alama ya “sijamaliza kazi,” na Linux inakataa kuandika juu yake ili isiharibu. Njia salama ni kurudi kwenye Windows, kuacha ikaguliwe, kisha kuitoa kwa utaratibu. Kwa diski ya ndani yenye Windows, uwashaji wa haraka wa Windows una athari hiyohiyo: mtu anadhani amezima, kumbe Windows imelala nusu. Zima Windows huku umeshikilia Shift.

Kama safu ya FSTYPE ni tupu, usifomati. Utupu huo hauna maana kwamba mafaili hayapo. Inawezekana ni jedwali tu la mwanzo lililoharibika. Programu ya TestDisk inaweza kulitafuta na kulirudisha, na mwenzake PhotoRec huokota picha na nyaraka hata pale jedwali limepotea kabisa.

Kama lsblk inaonyesha ukubwa wa 0B, chipu inayoongoza flashi inajibu lakini haifiki kwenye kumbukumbu yake. Hapo programu haitasaidia. Kama kilichomo kina thamani, kinahitaji mtaalamu wa kuokoa data mwenye vifaa.

Ukitaka kujaribu kuifungua bila hatari ya kuandika kitu juu yake, ifungue kwa kusoma tu:

sudo mkdir -p /mnt/flashi
sudo mount -o ro /dev/sdb1 /mnt/flashi

Badala ya sdb1 weka jina uliloliona kwenye kompyuta yako. Likikubali, nakili kila kitu haraka kwenda kwingine.

Kama kunakili kunakwama na makosa, tengeneza nakala ya flashi nzima kwa ddrescue. Kwenye Ubuntu inapatikana kwa jina la gddrescue. Hakikisha kwenye kompyuta kuna nafasi ya kutosha:

sudo ddrescue /dev/sdb nakala.img nakala.map

Soma mara mbili kabla ya Enter. Jina la kwanza ni la kifaa kinachosomwa, la pili ni la faili linaloandikwa. Usiyageuze majina hayo. Baada ya hapo, majaribio yote yafanyike kwenye nakala, siyo kwenye flashi.

Flashi ya uongo

Kuna flashi zinazoandikwa juu yake ujazo mkubwa kuliko zilio nao. Kompyuta inaziamini, unanakili mafaili, halafu siku ya kuyafungua yameharibika au flashi inakatika katikati. Hiyo inaonekana kama tatizo la porti, kumbe ni udanganyifu wa sokoni.

Flashi mpya ipimwe kabla ya kuaminiwa. Kwenye Linux kuna programu inayoitwa f3. Amri ya kwanza inaijaza flashi, ya pili inasoma kama kilichoandikwa kimebaki vilevile. Mahali pa njia iliyoandikwa hapa, weka njia ya flashi yako:

f3write /media/jina/flashi
f3read /media/jina/flashi

Pima flashi ikiwa tupu, mapema, wakati bado unaweza kuirudisha dukani.

Lini uende kwa fundi

Fundi anahitajika pale porti inapokataa kila kitu: mausi, kibodi na flashi, kwa waya tofauti. Hakikisha kwa kipimo kimoja zaidi. Washa kompyuta na uingie kwenye BIOS, kisha jaribu kibodi ya USB kwenye porti hiyo. Ukiwa humo, angalia pia kama porti hazijafungwa kwenye mipangilio. Kwenye BIOS, Linux bado haijaanza. Kama porti imekufa hata huko, siyo kosa la Linux, na kusakinisha mfumo upya ni kupoteza muda na mafaili.

Kama inafanya kazi kwenye BIOS lakini siyo kwenye Linux, usiruhusu mtu aitoe porti. Tatizo ni la programu na linatibika bila kushika chuma cha kulehemu.

Ukienda, nenda na ushahidi. Chomeka kifaa kinachosumbua, kisha hifadhi kumbukumbu yote kwenye faili:

sudo dmesg > ~/usb.txt

Faili hilo likifunguliwa mbele ya fundi, ni vigumu kwake kusema “porti imekufa” wakati mistari inasema kifaa kimetambulika na kilichokosekana ni draiva. Na kama kweli over-current imeandikwa mara ishirini, naye anajua aanzie wapi.

Kwa ufupi, fuata mpangilio huu

Waya mwingine. Porti nyingine, bila habu. dmesg na lsusb. Kama ni kimya, ni waya, porti au umeme. Kama ni -71 au -110, ni umeme, waya au kifaa kinachokufa. Kama hakuna draiva, zima uwashe kwanza, kisha tafuta jina la kifaa. Kama kinaonekana lakini hakifunguki, kifungue kwa kusoma tu na utoe nakala.

Kufomati kuje mwisho kabisa, baada ya nakala kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine na kuonekana kwamba mafaili yamo.